Mwalimu anasema ni nomino, shemeji anasema ni kitenzi

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni fundi cherehani, naishi Tanga, mama wa watoto watatu. Shule niliishia darasa la saba. Watoto wamekua, nikaona nirudi darasani: nasoma masomo ya jioni, mtihani wa maarifa nimeshauvuka, na sasa najiandaa kwa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Historia naipenda, hesabu tunasukumana nazo. Kinachoninyima usingizi ni Kiingereza, hasa haya maneno yanayoishia na -ing.

Tangu zamani najua kwamba neno likiwa na -ing ni kitenzi. "She is cooking", anapika. Basi kwenye zoezi tukaletewa "Cooking pilau is my work", tutaje "cooking" ni neno la aina gani. Nikaandika kitenzi, nikakosa. Mwalimu wetu wa darasani akasema ni nomino, tena ina jina lake, jerandi. Nyumbani nikamwonyesha shemeji yangu aliyesoma hadi kidato cha sita, akacheka: "Shemeji, nomino gani hiyo inayopika pilau? Hicho ni kitenzi, mwalimu wenu anawachanganya." Tukaingia kwenye simu, nayo ikatupa jina jingine ambalo hata yeye hakulijua, "gerund-participle". Nikafunga daftari.

Hayo si yote. Niliandika "Selling clothes give me money", mwalimu akaongeza s kwenye "give". Nguo si ni nyingi? Nikaandika "I am looking forward to see you", akafuta "see" akaweka "seeing", ilhali yeye mwenyewe alitufundisha kwamba baada ya "to" kitenzi hubaki kitupu. Kisha nikaandika "The women selling fish at the market", akaandika pembeni kwamba hiyo si sentensi. Ina wanawake, ina kuuza, ina samaki, ina soko. Imekosa nini?

Mume wangu amenihurumia, kaninakilia orodha ya vitenzi kurasa mbili, vipi vinafuatwa na "to" na vipi vinafuatwa na -ing, anasema nikariri tu. Kichwa cha mtu wa makamo hakibebi orodha. Kuuliza darasani naona haya, maana wenzangu ni rika la mwanangu wa kwanza. Niikariri hiyo orodha, au niiache mada hii nikatafute alama kwingine?

Fundi, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Usiiache. Na orodha ya mume wako iweke kando kwa sasa, tutairudia. Kwanza tumalize kesi ya mwalimu na shemeji, kwa sababu wote wawili wamesema kweli, kila mmoja nusu yake.

Ichukue sentensi yako uiseme Kiswahili: "Kupika pilau ni kazi yangu." Hilo neno "kupika" ni nini? Linaweza kumilikiwa: kupika kwangu, kupika kwake. Linaonyeshwa kwa kidole: kupika huku. Linakaa mahali pa kiima na kukilazimisha kitenzi kifuate upatanisho wake: kupika kunanilipa. Lina ngeli kabisa, ngeli ya KU. Hiyo ni nomino, mwalimu wako kashinda. Sasa ligeuze ulitazame kwa ndani. Linabeba shamirisho, pilau. Linakubali kielezi: kupika pilau vizuri. Linakanushwa: kutopika. Linanyambulika: kupikwa, kupikia, kupikiana. Kiti au kikombe hakifanyi mambo hayo, kwa hiyo na shemeji naye hakukosea. Wataalamu wa sarufi ya Kiswahili waliliona hilo wakaliita neno la namna hii kitenzi-jina, na jina hilo linaeleza kila kitu: kwa nje jina, kwa ndani kitenzi.

Jerandi ya Kiingereza ni kitenzi-jina. "Cooking pilau" kwa nje ni nomino, ndiyo maana imekaa mwanzoni kabla ya "is". Kwa ndani ni kitenzi, ndiyo maana imebeba pilau, na ukitaka itabeba na "well". Mtihani unapouliza neno ni la aina gani katika sentensi fulani, unauliza linafanya kazi gani humo, kwa hiyo andika nomino. Shemeji ukikutana naye, mwulize yeye "kupika" ni nomino au kitenzi, umwache apambane nalo.

Lile jina la kwenye simu lisikutishe. Kiingereza cha miaka elfu moja iliyopita kilikuwa na viishio viwili tofauti: nomino za vitendo ziliishia na -ung au -ing, na lile umbo la "anayefanya" liliishia na -ende. Katika zama za kati viishio hivyo vikazidi kufanana hadi vikawa kimoja, -ing, na kimoja hicho kikaachiwa kazi zote. Mwaka 2002 wataalamu wawili, Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum, katika sarufi yao kubwa ya Kiingereza waliona hakuna haja ya kuwa na majina mawili kwa umbo moja, wakayaunganisha. Hiyo ni hoja ya wataalamu. Kituo chako cha mtihani hakitakuuliza.

Kwako wewe tatizo ni hizo kazi nyingi. Neno moja, "selling", kwa Kiswahili linagawanyika namna kadhaa, na sisi tumezoea kila namna iwe na vazi lake. "They are selling fish": wanauza. "Selling fish is hard": kuuza. "The women selling fish": wanaouza. "I saw them selling fish": wakiuza. Tazama viambishi hivyo, -na-, ku-, -o-, -ki-. Unavitumia tangu ulipoanza kusema, hukuvikariri popote. Kwa hiyo kila ukikutana na -ing, kabla hujajiuliza ni aina gani, iseme sentensi nzima kwa Kiswahili halali, kisha sikiliza ni kiambishi gani kimetoka. Likitoka ku- lililokaa mahali pa jina, una jerandi. Likitoka jingine, huna.

Hapo hapo utaona "The women selling fish at the market" imekosa nini. Iseme: "Wanawake wanaouza samaki sokoni." Mtu akikuambia hivyo akanyamaza, utamwuliza, "Enhe, wamefanyaje?" Bado anatambulisha tu. Ile -o- ya urejeshi imekwambia kwamba habari yenyewe haijafika. Kiingereza hakina -o-, kwa hiyo macho hayaoni upungufu, lakini upungufu upo: -ing peke yake haiwezi kuwa kitenzi kikuu cha sentensi. Inahitaji msaidizi, kama "am", "is", "are", "was", "were", au "been" ikiwa na "have" au "has" yake. Ama uandike "The women are selling fish at the market", wanauza. Ama uwape jambo la kufanya: "The women selling fish at the market come from Pangani." Hapo kitenzi ni "come", na "selling" ni ya kuwatambulisha tu.

Kuna mtego mwingine unaotokana na hayo hayo, nao hukamata hata walimu. "Walking to the market, the rain started." Kwa Kiswahili ukisema "nilipokuwa nikienda sokoni, mvua ikaanza" hakuna aliyepotea, kwa sababu ni- imeshasema nani alikuwa akienda. Ile -ing haina kiambishi cha nafsi. Ikikaa mwanzoni hivyo inakopa kiima cha sentensi inayoifuata, na kiima chenyewe hapa ni mvua. Umeandika kwamba mvua ilikuwa ikitembea kwenda sokoni. Andika "While I was walking to the market, the rain started", umwachie mvua kazi yake ya kunyesha.

Sasa nguo zako. "Kuuza nguo kunanipa fedha." Umesema kunanipa, hukusema zinanipa, ingawa nguo ziko karibu zaidi na kitenzi. Ulimi wako unajua kwamba anayekupa fedha ni kule kuuza, na kuuza ni kumoja. Kiingereza kinafuata akili hiyo hiyo: "Selling clothes gives me money." Nguo ziwe mbili au marobota kumi, "selling" ni moja, na s inabaki kwenye "gives". Nimesahihisha madaftari miaka mingi na kosa hili sijaliona likikoma, na kila mara mwanafunzi niliyemwomba aseme sentensi kwa Kiswahili alilirekebisha mwenyewe kabla sijamaliza kumweleza. Tahadhari moja tu: ku- yetu haihesabu. "Kushona na kufuma ndiko kunakonilisha", bado kuna-. Kiingereza kikiona vitendo viwili tofauti vimeungwa kwa "and" huvihesabu viwili: "Sewing and knitting are my work."

Kuna -ing ambazo kitenzi kimeshakufa ndani yake, zimebaki nomino tupu. "A building" ni jengo, unaweza kusema "two buildings". "The selling of fish" nayo ni hivyo: mbele ina "the", nyuma ina "of". Kwetu ndiyo tofauti ya "kuuza samaki" na "uuzaji wa samaki". Hiyo "wa" na hiyo "of" ni ndugu. Na kama tunavyosema "kuuza samaki haraka" lakini "uuzaji wa haraka wa samaki", wao husema "selling fish quickly" lakini "the quick selling of fish". Ukiona "the" na "of" zimeizingira -ing, tumia kivumishi, si kielezi. Mtihani hupenda kuuliza hapo.

Tuje mahali ambapo Kiswahili hakitakusaidia, tena kitakudanganya. Sisi ku- yetu moja inafanya kazi mbili ambazo Kiingereza kimezigawa. Tunasema nataka kushona, nafurahia kushona, nimezoea kushona, asante kwa kushona. Kushona ni kule kule. Mwingereza anasema "I want to sew", lakini "I enjoy sewing", "I am used to sewing", "Thank you for sewing". Ndipo Waswahili tunapoandika "I enjoy to sew" na "thank you for come", na mwalimu anaishiwa wino mwekundu.

Sehemu kubwa ya jambo hili ina kanuni isiyovunjika kirahisi: baada ya kihusishi, kitenzi huvaa -ing. "Without paying", bila kulipa. "Before cutting", kabla ya kukata. "By selling", kwa kuuza. "Good at sewing", hodari wa kushona. Hakuna orodha ya kukariri hapo.

Utaniuliza, na "to" je? Mwalimu wako hakujipinga. "To" ni maneno mawili yanayofanana sura. Moja ni alama ya kitenzi, ile ya "I want to go". Nyingine ni kihusishi, ile ya "I went to Korogwe". Kuzitofautisha, jaribu kuweka nomino ya kawaida mahali pa kitenzi. "I am looking forward to the wedding": imekubali, kwa hiyo hiyo "to" ni kihusishi, na kitenzi kikija hapo kitavaa -ing, "looking forward to seeing you". "I want to the wedding": imegoma, kwa hiyo kitenzi kinabaki kitupu, "I want to see". Jaribu na "used". "I am used to noise", nimezoea kelele, imekubali. Basi "I am used to working at night", nimezoea kufanya kazi usiku. Lakini "I used to work at night", bila "am", ni habari ya zamani, nilikuwa nikifanya kazi usiku na siku hizi sifanyi. Kwa sababu hii hii mada haifai kuachwa: ukiandika barua ya Kiingereza kwenye mtihani, karibu kila mara utaifunga kwa "I look forward to hearing from you", na hapo alama ziko mezani zinakusubiri.

Haya, orodha ya mume wako. Mshukuru, kafanya kazi ya upendo, lakini ipunguze. Vya kuanzia ambavyo vinataka -ing ni "enjoy", "finish", "avoid", "mind", "keep", "suggest" na "practise". Vinavyotaka "to" ni "want", "hope", "decide", "plan", "promise", "agree" na "refuse". Ukivitazama hivi vya pili utaona vingi vinaelekea mbele, kwenye jambo ambalo bado halijafanyika: natumaini, nimeamua, naahidi. Vile vya kwanza mara nyingi vinahusu jambo lililopo mkononi au lililokwisha: nafurahia, nimemaliza, naendelea. Wazo hili linavuja. "Suggest" na "avoid" hazilitii, hizo zishike tu hivyo hivyo. "Like" na "love" hazina ugomvi, weka utakacho.

Wazo hilo la mbele na nyuma linapofaa sana ni kwenye vile vitenzi vinavyokubali vyote viwili kwa maana tofauti. "I remembered to lock the door": nilikumbuka kufunga mlango, kumbukumbu ilitangulia kufunga. "I remember locking the door": nakumbuka nilifunga, kufunga kulitangulia. Na kwa fundi muhimu zaidi ni "stop". "I stopped to sew" maana yake ulikuwa njiani au kwenye jambo jingine, ukasimama ili ushone. "I stopped sewing" maana yake umeacha kushona. Ukiibandika hiyo ya pili mlangoni, wateja watakuja kudai vitambaa vyao.

Hapo kibandani pako pana somo jingine. "Sewing machine": je, mashine inashona? Hapana, ni mashine ya kushonea. "Cooking oil" ni mafuta ya kupikia, "walking stick" ni fimbo ya kutembelea, "sleeping bag" ni mfuko wa kulalia. Ukisikia ile -ia au -ea ya kutendea, jua hiyo -ing ni jerandi, inataja kazi ya kitu. Lakini "a sleeping child" ni mtoto aliyelala, "boiling water" ni maji yanayochemka. Kitu chenyewe ndicho kinachofanya. Hata sauti ya Mwingereza hutofautiana: kwenye "sewing machine" mkazo unakaa kwenye "sewing", kwenye "sleeping child" mkazo unaegemea "child". Tahadhari tena: si kila mara Kiswahili hutia -ia, maji ya kunywa ni "drinking water", na si maji yenyewe yanayokunywa. Maana ndiyo itakayokuongoza.

Ukikuta "my coming late" usishangae, ni kuchelewa kwangu: "He was angry about my coming late." Mitaani wanasema "me coming", na H. W. Fowler, mtunga kamusi, aliipiga vita mwanzoni mwa karne ya 20 bila kuimaliza. Kwenye mtihani andika "my", kwetu ni "kwangu" na inakaa sawa.

Kuhusu kuona haya. Wenzako wa darasani wamezaliwa juzi na wengi wao nao hawajui kwa nini ni "gives"; tofauti yenu ni kwamba wao hawakuuliza hata kwa barua. Mwulize mwalimu wako. Ukiona taabu mbele ya watu, mfuate baada ya kipindi na sentensi zako mwenyewe za kazini, si za kitabuni. Jioni ukikaa kwenye cherehani, sema unalolifanya kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, kwa sauti. Shemeji akipita atadhani una mgeni.

Na kabla hujafunga daftari tena, hizi hapa nne, kila moja ina kosa moja. Zirekebishe, unitumie pamoja na sababu:

"Thank you for help me with my lessons."

"Making vitumbua need patience."

"My neighbour selling charcoal near the mosque."

"I am used to wake up early."